Kuzibua Mabomba ya Udongo Bila Kuyapasua

Bomba la udongo wa kuchomwa haliliwi na kutu wala haliogopi asidi, na likilazwa kwenye ardhi tulivu linaweza kudumu zaidi ya miaka 100. Udhaifu wake uko kwenye maungio. Mabomba ya zamani yalikuwa mafupi, mengi hayafiki mita 1, hivyo njia ya kutoka msalani hadi shimo la maji taka huwa na maungio mengi, kila moja limekandikwa saruji. Saruji hiyo haipindi. Ardhi ikisogea, inapasuka.

Huko Kanzenze na sehemu nyingine za wilaya ya Rubavu, Rwanda, ardhi si tulivu. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta za nyumba katika miji ya Gisenyi na Goma. Ufa wa ukutani huonekana siku hiyo hiyo. Wa bomba lililofukiwa hugundulika miezi baadaye, maji yanapokataa kushuka. Ndiyo maana nyumba ya zamani yenye mabomba haya ikiziba, ufa ndio wa kushukiwa kwanza, kabla ya mafuta ya jikoni au matambara.

Kazi huanzia kwenye chemba. Chemba iliyo karibu na nyumba ikiwa imejaa na inayofuata ni kavu, kizibo kiko kati ya hizo mbili. Waya wa kuzibulia au fimbo za kuunganisha huingizwa kutoka upande mkavu, zikizungushwa polepole kuelekea kulia tu, maana zikigeuzwa kushoto hufunguka na kipande hubaki ndani. Zikigonga kitu kigumu zisisukumwe kwa nguvu: huenda ni ukingo wa bomba lililoshuka. Maji ya presha kubwa yaepukwe, na maji yanayochemka pia, kwa sababu joto la ghafla hupasua udongo wa kuchomwa. Maji ya moto yanayovumilika mkononi yanatosha kulainisha mafuta.

Dawa kali ni msaada wa uongo. Asidi haidhuru bomba lakini hula saruji ya maungio. Kostiki soda huchemka inapokutana na maji na inaweza kurukia macho ya anayezibua baadaye. Asidi ikichanganywa na dawa ya klorini hutoa gesi ya sumu. Glavu, buti na miwani ya kukinga macho havina mbadala.

Kuingia shimoni ni marufuku, hata kwa dakika moja. Maji taka hutoa gesi yenye harufu ya yai viza ambayo ikizidi huua uwezo wa kunusa, basi mtu hudhani imekwisha. Tena, ukanda wa Goma na Nyiragongo una mazuku, hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama mabondeni na mashimoni. Haina rangi, na huua watu na mifugo. Anayemfuata mwenzake aliyeanguka huanguka naye.

Njia ikifunguka, humwagwa ndoo kadhaa za maji na kutazamwa kinachotoka. Mizizi au mchanga mweusi wa volkano huthibitisha kwamba bomba limefunguka kwa nje. Kipande hicho hufukuliwa, hukatwa na kuwekwa cha plastiki, kikiunganishwa na bomba la zamani la udongo kwa mpira wenye vibano, si kwa saruji.