Somo la Robo Hii: Dawa ya Maji kwa Mtoto Asiyetulia



Yupo mtoto ambaye kila mwalimu amemchoka. Hakai kwenye dawati, hamalizi zoezi, daftari husahau njiani. Nyumbani anaitwa mtundu, na viboko havisaidii. Huenda ana tatizo la kukosa umakini na utulivu, ambalo wataalamu huliita kwa kifupi ADHD. Si pepo, wala si matokeo ya malezi mabaya. Mfadhili akisikia habari zake huuliza, "Je, tumletee dawa?" Kabla ya kujibu, tupime pande zote mbili.

Dawa inayotumika sana ni methilfenideti. Huchangamsha ubongo, na kwa watoto wengi wenye tatizo hili huongeza umakini. Ipo ya vidonge na ya maji. Aina moja ya maji inayofanya kazi saa 12 hivi, Quillivant XR, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa wenye umri wa miaka 6 na zaidi.

Faida zake
1. Mtoto asiyeweza kumeza kidonge huinywa bila vita.
2. Daktari anaweza kuongeza au kupunguza dozi kidogo kidogo.
3. Dozi moja ya asubuhi hutosha siku nzima ya shule.

Hasara zake
1. Kipimo hukosewa kwa urahisi. Katika dawa hiyo, mililita 1 ina miligramu 5. Aliyeandikiwa miligramu 20 anahitaji mililita 4. Kijiko cha chai huchukua mililita 5 hivi, yaani robo zaidi ya dozi. Lazima kuwe na bomba la kupimia.
2. Chupa isipotikiswa vizuri, dozi ya leo si sawa na ya kesho.
3. Hupunguza hamu ya kula, huweza kufukuza usingizi na kuongeza mapigo ya moyo. Mtoto anayeacha makande ya mchana ale vizuri kabla ya dawa na tena jioni. Uzito na urefu wake vipimwe.
4. Haiponyi. Chupa ikiisha, tatizo hurudi. Anayeanza kulipia ajue nani ataendelea.

Tena, dawa hii imo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Mgeni asiibebe sandukuni kama zawadi. Iandikwe na daktari bingwa na ipatikane kwa njia halali.

Tuanzie wapi?
Mzazi wa Zirai hawezi kuanza na chupa. Kwanza mtoto apimwe macho, masikio na kifafa. Tuulize pia kama analala na kula vya kutosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na bingwa hutanguliza mafunzo kwa wazazi. Mwalimu amkalishe mbele, ampe kazi fupi fupi, amsifu anapomaliza. Hayo yasipotosha, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Fedha za nauli na za kurudi kliniki zinaweza kusaidia kuliko chupa moja.

Maswali ya kujadili
1. Katika mtaa wetu, ni mtoto gani tumemwita mtundu bila kumpima?
2. Tukilipia dawa leo, nani atalipia mwakani?
3. Nani atamsindikiza mama hadi hospitali?