Darsa ya Ramadhani, Siku ya 14: Mwenye Faida Ndiye Mwenye Dhamana



Darsa ya leo inahusu chupa tupu. Usicheke, soma mpaka mwisho.

Wengi wetu tunaijua soda ya chupa ya kioo. Ukitaka kuondoka nayo, mwenye duka anakwambia: "Acha pesa ya chupa." Ukiirudisha, unapewa pesa yako. Gari ya kampuni ikileta kreti zilizojaa, inaondoka na kreti tupu. Chupa ile ina mwenyewe, na mwenyewe anaitaka.

Sasa itazame chupa ya plastiki uliyofuturia jana. Kiwanda kimeshapata chake, muagizaji chake, duka chake, na wewe umekata kiu. Baada ya hapo chupa haina mwenyewe. Mvua ikishuka, inaingia mtaroni na kuelekea baharini. Ikipata bahati inachukuliwa na gari la taka mpaka jaa la Kibele. Nani analipa? Manispaa, kwa pesa za wananchi. Mvuvi anayetoa taka kwenye nyavu badala ya samaki. Mama wa mwani kule Paje na Jambiani anayezichambua kamba zake. Hawa hawakugaiwa hata shilingi moja ya faida.

Basi tuulize: kwa mizani ya dini yetu, mzigo huu ni wa nani?

Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), katika Sunan ya Abu Daud na wengineo, kwamba mtu alinunua, akanufaika na alichonunua, kisha akagundua kasoro na kukirudisha. Muuzaji akadai malipo ya yale manufaa. Mtume (s.a.w.) akahukumu kwamba manufaa ni ya mnunuzi, kwa sababu muda wote ule lau ingetokea hasara, ingekuwa juu yake. Kutokana na hukumu hii wanazuoni wakapata kanuni ya *al-kharaju bidh-dhamaan*: faida hufuatana na dhamana. Na wakaweka pacha wake: hasara humfuata mwenye faida.

Neno *dhamana* tunalitumia kila siku, tena tumelichukua huko huko. Maana yake hapa ni nyepesi kufahamika. Huwezi kula nyama ukamuachia jirani mifupa.

Wenzetu wa masuala ya mazingira wamefika hapo hapo kwa njia nyengine. Mwaka 1990, Thomas Lindhqvist wa Sweden alipendekeza kwamba jukumu la mzalishaji lisiishie pale bidhaa inapouzwa, bali lifuate mpaka inapokuwa taka. Ujerumani ikaweka kanuni kuhusu vifungashio mwaka 1991. Hapa jirani, Kenya ilipitisha sheria ya usimamizi wa taka mwaka 2022 inayowabebesha wazalishaji jukumu hilo. Sisi Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata 2019. Lakini marufuku inagusa kile kilichokatazwa. Chupa, pampasi, betri na televisheni zinaendelea kuuzwa kwa halali, na hivyo ndivyo vinavyohitaji mwenye dhamana.

Na hapa kwetu kisiwani kuna jambo la kuzingatia. Vitu vingi tunavyotumia vimeteremshwa bandarini, na kiwanda kiko mbali. Aliyeko karibu ni muagizaji. Yeye ndiye aliyeileta bidhaa na kupata faida yake, basi yeye ndiye anayesimama mahala pa mzalishaji. Mwenye kuleta kontena la majokofu yaliyokwishatumika ajiulize: yakifa baada ya mwaka, yatakwenda wapi?

Mfanyabiashara atasema: "Sheikh, bei itapanda." Ndugu yangu, gharama ipo tangu leo. Ni kwamba hailipi aliyepata faida, analipa mvuvi. Tuikumbuke Surat Al-Mutaffifin, inavyowaonya wanaopokea kipimo kamili na kuwapunja wengine. Usidhani onyo lile ni la mchele na sukari peke yake.

Mwaka 2019 jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki zilizookotwa, lilisafiri mpaka hapa Unguja. Na vijana wetu nao husafisha fukwe. Mwenyezi Mungu awalipe, kwani kuondosha udhia njiani ni sehemu ya imani. Lakini tusichanganye. Anayeokota anatoa sadaka. Aliyefaidika ana deni. Sadaka ya yule haifuti deni la huyu.

Vivyo hivyo, katoni mia za maji zinazoletwa msikitini mwezi huu ni kheri kubwa. Lakini toba ya haki za watu ina sharti la kurudisha haki yenyewe. Ukitoa maji ya kufuturishia, toa pia namna ya kuzikusanya chupa.

Wala tusiseme: "Kumbe ni kosa la matajiri, basi mie nitupe tu." La. Aliyetupa njiani ataulizwa kwa kutupa kwake, na aliyeuza ataulizwa kwa alichouza. Kila mmoja na fungu lake.

Kazi ya leo:

▪️ Mfanyabiashara: chagua bidhaa moja unayoiuza, kisha panga jinsi ya kuipokea inapokwisha, japo kwa punguzo dogo la bei kwa anayerudisha.

▪️ Mnunuzi: pale penye soda ya chupa ya kurudisha, chukua hiyo. Na muulize muuzaji wako kama anapokea chupa tupu.

▪️ Kamati ya msikiti: wekeni pipa la maji na vikombe vya kuosha kwenye futari. Na kabla ya kupokea katoni, kubalianeni na mtoaji nani atazichukua chupa.

Ewe Mola wetu, tubarikie chumo letu, tuepushe na faida ambayo mzigo wake unawaumiza wengine, utukubalie saumu zetu na utusamehe sisi na wazee wetu. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako. Tukutane kesho inshaallah.