SOMO LA MWEZI: Kumpumzisha Mlezi Si Kumtupa Mlemavu

 

Fungu la kusoma: Luka 10:25-37.

Lengo la somo: Tuelewe maana ya kupokezana ulezi wa mtu mwenye ulemavu kwa muda mfupi, na tujue namna ya kuanza hapa tulipo.

UTANGULIZI

Hapa katika makazi yetu kuna nyumba ambazo mlango hufungwa kwa nje mchana kutwa. Ndani yumo mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au kijana mwenye kifafa, au mzee aliyepooza. Mama amekwenda kuchota maji, au amepanga foleni ya chakula, au analima shamba la mtu apate pesa ya sabuni. Majirani husema, "Mama huyu hana huruma." Sisi tunasema, mama huyu hana mtu wa kumsaidia.

Kule Kongo au Burundi alikuwa na bibi, shangazi na mawifi. Mmoja akichoka, mwingine alimbeba mtoto. Vita viliwatawanya wote hao, na kazi yao yote ikabaki mikononi mwa mtu mmoja. Mtu huyo akiugua, mlemavu naye hana wa kumlisha. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya mapumziko ya mlezi, tunazungumza juu ya uhai wa watu wawili.

1. MSAMARIA NA MWENYE NYUMBA YA WAGENI

Tukisoma habari ya Msamaria mwema, mara nyingi tunaishia pale barabarani alipofunga majeraha. Tuendelee mbele kidogo. Alimpeleka yule majeruhi kwenye nyumba ya wageni, akamtunza usiku ule. Kesho yake akamwachia mwenye nyumba dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi.

Angalieni mambo manne: mahali salama, mtu aliyekubali kutunza, gharama inayojulikana, na ahadi ya kurudi. Hakuna anayesema Msamaria alimtupa yule mtu kwa kuwa alimwacha kwa mwingine akaendelea na safari. Hayo manne ndiyo mapumziko ya mlezi.

2. JINSI INAVYOFANYIKA KWINGINE

Ndugu zetu wengi wamepelekwa kuishi Australia. Kule upo Mpango wa Taifa wa Bima ya Ulemavu, unaojulikana kwa herufi NDIS, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Mkimbizi aliyepewa ukaazi wa kudumu anaweza kuomba kuingia, akiwa na umri chini ya miaka 65 na ulemavu wake ukitimiza masharti. Akikubaliwa, na ikionekana anahitaji, anaweza kulipiwa malazi ya muda mfupi pamoja na wasaidizi, kwa kawaida hadi siku 28 kwa mwaka. Siku hizo zikiisha anarudi nyumbani kwake.

Nchini Uingereza, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2011 zinazitaka halmashauri kuandaa mapumziko kwa wanaolea watoto wenye ulemavu: saa chache za mchana, usiku mmoja, mwisho wa juma, au siku za likizo. Wala hazisubiri mzazi aanguke ndipo asaidiwe.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006. Ibara ya 28 inataja waziwazi mapumziko ya walezi kuwa sehemu ya msaada ambao serikali inapaswa kuzipa familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu. Uganda, nchi iliyotupokea, iliuridhia mwaka 2008, Burundi mwaka 2014, na Kongo mwaka 2015. Basi, mama anayeomba kupumzika haombi jambo la aibu.

3. HOFU ILIYOPO

Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto akichukuliwa hata kwa siku mbili hatarudishwa. Hofu hiyo ina msingi wake. Katika nchi nyingi watu wenye ulemavu waliwekwa katika nyumba kubwa wakaishi humo miaka mingi bila ndugu. Hayo siyo tunayofundisha. Ibara ya 23 ya mkataba huo inakataza mtoto kutenganishwa na wazazi kwa sababu ya ulemavu wake au wa wazazi. Mapumziko mafupi yanasaidia mtoto aendelee kukaa kwao, kwa kuwa mlezi aliyepumzika ana nguvu ya kuendelea.

Kwa sababu hiyo hatushauri kanisa lijenge nyumba ya kukusanya walemavu. Tunashauri familia mbili au tatu zijifunze kuisaidia familia moja.

4. HATUA ZA KUANZA

(a) Anzeni na saa mbili. Mtunzaji mpya aje kwanza mama akiwapo, amwone anavyolisha na kuogesha. Baadaye abaki saa mbili peke yake na mwenzake. Wakizoeana, ndipo kufikiria mchana mzima au usiku mmoja.

(b) Mwulizeni mwenyewe. Mlemavu si mzigo wa kuhamishwa. Asiyeweza kusema ana namna ya kuonyesha anapenda nani na anaogopa nani. Akikataa, tafuteni mtu mwingine.

(c) Andikeni karatasi moja. Iwe na chakula anachoweza kumeza, dawa na saa zake, namna anavyoonyesha maumivu, na jina la mtu wa kuitwa.

(d) Jifunzeni mambo ya lazima. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo alishwe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, maana akilishwa amelala anaweza kupaliwa. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe karibu kila saa mbili, asipate vidonda vya kulalia. Mwenye kifafa asikose dawa hata siku moja. Akianguka, ondoeni vitu vigumu karibu naye, mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu mdomoni. Kikiendelea zaidi ya dakika 5, mpelekeni kituo cha afya.

(e) Lindeni usalama. Watunzaji wawe wawili, wanaojulikana, na mlango ukae wazi. Watoto na wasichana wenye ulemavu wako katika hatari kubwa ya kuharibiwa, kwa sababu mkosaji hudhani hawataaminiwa. Likitokea, liende polisi na kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto. Wazee wa kanisa wasilimalize kimyakimya.

(f) Wekeni saa ya kurudi, na mlezi aitimize. Akichelewa bila habari mara mbili tatu, watunzaji watakata tamaa na mlemavu atakosa amani.

Tena, kwenye ugawaji wa chakula mlezi aulize namna ya kuandikisha mtu mwingine ampokelee mgao. Hilo peke yake linaweza kumwokolea siku nzima ya foleni.

5. NENO KWA MLEZI

Mama, baba, dada unayelea: ukipata saa mbili, usizitumie zote kufua nguo. Lala. Nenda kituo cha afya ukapimwe ule mgongo unaokuuma. Kaa na watoto wako wengine, ambao nao wanakuhitaji. Ukirudi, usiombe msamaha kwa kuwa ulipumzika.

Wazee wetu walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Nasi tusiwaachie watu kazi ya vidole kumi kwa kidole kimoja, kisha tukawahukumu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba zipi zina mlezi asiye na wa kumpokea? Nani atakwenda kuzitembelea juma hili?

2. Mwenye nyumba ya wageni alihitaji kujua nini kabla ya kumpokea majeruhi? Nasi tunahitaji kujua nini?

3. Ni watu gani wawili katika kikundi hiki wanaoweza kutoa saa mbili kila juma?

Kila kikundi kilete majibu ya swali la tatu, yenye majina na siku, kwenye ibada ya Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Mungu awabariki nyote.