Subira ya Mwenye Kusudio

Aghlabu ya watu huanza jambo kwa nguvu, kisha wakifikwa na shida ya kwanza huliacha, wakasema: "Halikuandikwa." Huko si kumtegemea Mwenyezi Mungu; huo ni uvivu uliovaa kilemba.

Na atazamwe Imamu Shafii, Mungu amrehemu, ambaye wengi wa watu wa pwani hufuata madhehebu yake. Alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra (767), akafiwa na babake angali mchanga, mamake akamchukua Makka. Ujira wa mwalimu hawakuwa nao, wala fedha ya karatasi. Akaandika juu ya mifupa, akaomba karatasi zilizokwisha tumika akaandika nyuma yake; hata akaihifadhi Muwatta, akaenda Madina kuisoma kwa Imamu Malik mwenyewe.

Baadaye alipata kazi Yaman. Huko akasingiziwa fitina, na mwaka 184 akapelekwa amefungwa mbele ya Khalifa Harun Rashid. Mwenyezi Mungu akamwokoa. Mwingine angalirudi kwao akilalamika. Yeye alikaa Iraq, akasoma kwa Muhammad bin Hasan elimu ya wanazuoni wa huko. Elimu hiyo akaipima na ile ya Madina katika vitabu vyake, mpaka alipofariki Misri mwaka 204 (820).

Basi mwenye kusudio jema asiulize tu shida itaondoka lini. Na aulize pia, ndani yake mna faida gani. Kadari ni siri ya Mola: aketiye kabla ya kujitahidi hajui alichoandikiwa.