Ngege Aliyesalia Nyuma ya Mafunjo

Watu wa Bondo wakaao kando ya Ziwa Victoria Nyanza huwajua samaki wao kwa majina: mbuta, omena, kamongo, mumi, ningu, fulu na ngege. Lakini ngege wa leo siye yule wa zamani. Samaki auzwaye kwa jina hilo katika fuo za Usenge, Uhanya na Wichlum, kwa kawaida ni nyamami, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950. Ngege wa asili ametoweka karibu kabisa katika ziwa kubwa. Hata hivyo hawakufa wote. Wamesalia wengine katika Ziwa Kanyaboli, ziwa dogo lililoko kaskazini ya Bondo, nyuma ya mafunjo ya kinamasi cha Yala. Yafaa kila mvuvi na kila mkulima afahamu sababu yake.

Tabia ya ngege

Ngege hula mimea midogo mno inayoelea majini. Jike hatagi mayai mengi. Huyachukua kinywani mwake, na yakisha kuanguliwa huendelea kuwalinda watoto humo mpaka waweze kujitegemea. Mbuta hafanyi hivyo. Yeye hutaga mayai kwa mamilioni na kuyaacha yaelee. Basi samaki alindaye watoto wachache hupata hasara kubwa kila jike mmoja anapovuliwa kabla ya kuzaa.

Habari ya nyavu

Zamani watu walivua kwa vikapu, migono na nyua za matete. Nyavu za kutega za kizungu zilipoingia mwanzoni mwa karne ya 20, ngege walivuliwa kwa wingi usiojulikana hapo kwanza. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu wa samaki, Michael Graham, alilichunguza ziwa, akaona ya kuwa samaki wapatikanao katika kila wavu wanapungua, hasa katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo sasa huitwa Ghuba ya Winam. Shauri lake lilikuwa kwamba matundu ya nyavu yasipungue inchi 5, ili ngege mchanga apenye na kuzaa walau mara moja kabla ya kuvuliwa. Amri ilitolewa, lakini wengi hawakuifuata, na baadaye ikaondolewa. Matundu yakawa madogo, na samaki nao wakawa wadogo.

Kuja kwa mbuta

Katika miaka ya 1950 mbuta alitiwa ziwani upande wa Uganda, na mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa wengine. Samaki huyu aweza kupita uzito wa kilo 100, na chakula chake ni samaki wenziwe. Kwa miaka mingi alionekana kwa nadra. Kisha, kuanzia mwaka 1980 hivi, akalijaza ziwa.

Haiwezekani kusema kwamba mbuta hakuleta faida. Viwanda vya minofu vilijengwa Kisumu, na fedha za Ulaya zikafika mpaka fuoni. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Ziwa hili lilikuwa na aina zipatazo 500 za fulu: wengine wenye taya za kuvunja konokono, wengine wenye meno ya kukwangua mawe, wengine wala samaki. Wataalamu waliochimba tope la chini ya ziwa waliona dalili kwamba lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita. Basi aina hizo nyingi zilitokea katika muda ulio mfupi sana kwa hesabu za viumbe. Zaidi ya aina 200 zilitoweka katika miaka michache tu.

Ukuta wa mafunjo

Kwa nini basi ngege aliokoka Kanyaboli? Mafunjo yanapooza ndani ya maji, hewa iliyomo majini hupungua. Mbuta ahitaji hewa nyingi, hivyo hawezi kupita katika kinamasi kipana. Ngege na baadhi ya fulu huvumilia maji ya namna hiyo. Kwa hiyo mafunjo yale yale yaliyoonekana kuwa pori lisilo na kazi yamekuwa ukuta uliowalinda. Katika Kanyaboli wameonekana hata fulu wa aina zilizodhaniwa kuwa zimekwisha katika ziwa kubwa.

Lakini ukuta huo nao una adui. Katika miaka ya 1960 sehemu ya kinamasi ilikaushwa kwa ajili ya kilimo, na baada ya mwaka 2000 mashamba makubwa yakaanzishwa. Mwaka 2010 serikali ilitangaza Ziwa Kanyaboli kuwa hifadhi ya taifa. Tangazo peke yake halitoshi, kwa kuwa watu wanahitaji chakula, na ardhi ya kinamasi ina rutuba.

Yapasayo kufanywa

Wavuvi, kwa vikundi vyao vya usimamizi wa fuo vilivyowekwa kwa kanuni za mwaka 2007, wakatae nyavu za matundu madogo na kuyaacha mazalio yapumzike. Mkulima aache ukanda wa mafunjo kando ya maji. Wala mtu asichukue samaki kutoka ziwa jingine na kumtia Kanyaboli, kwa kuwa samaki wa jamaa moja huweza kuzaana, na mbegu ya asili ikapotea. Mbegu hiyo ikihifadhiwa, wafugaji wa mabwawa wataweza kuitumia siku zijazo. Ikipotea Kanyaboli, hakuna ajuaye pa kuipata tena kando ya Bondo.