"Umepataje?" Vidokezo kwa wenye watoto wa shule ya msingi

Jioni, Mbagala au Tegeta, mtoto yuko mkekani na daftari la hisabati, na mkubwa aliye karibu anauliza, "Umemaliza?" Kumaliza si kuelewa. Tathmini za mpango wa Uwezo, zilizoanza 2010 kwa kuwafuata watoto majumbani, zilionyesha kwamba wengi wa darasa la tatu walikuwa hawajaziweza hesabu za darasa la pili. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Shule ina kazi yake. Vidokezo hivi ni vya nyumbani, na havidai hela ya tuisheni.

1. Uliza "Umepataje?"
Mpe 8 jumlisha 7. Mmoja atahesabu vidole. Mwingine atasema 7 na 7 ni 14, ongeza 1. Wa tatu atachomoa 2 kwenye 7, aipe 8 ipatikane 10, kisha aongeze 5 iliyobaki. Wote wana 15, na ubunifu uko kwenye njia waliyopita. Uliza hata akipata. Ukiuliza anapokosea tu, ataanza kuogopa swali lenyewe. Na ukishauliza, nyamaza umsubiri.

2. Mtume dukani, akirudi mfanye hesabu ya chenji
Tuseme amekwenda kwa Mangi, mwenye duka, na noti ya 5,000, vitu ni 3,700. Daftarini anafika kwenye 0 toa 7, anakopa kwa 5, na hapo wengi hupotea. Mangi hakopi. Anaanzia 3,700, anaweka sarafu za 300 kufika 4,000, anaongeza noti ya 1,000. Chenji 1,300. Kutoa kwa kupanda namna hiyo ni hisabati halali, mwambie hivyo waziwazi. Sukari ya kupima nayo ni somo la sehemu: kilo ikiwa 3,000, nusu ni 1,500, robo ni nusu ya hiyo nusu. Robo tatu aitafute mwenyewe.

3. Iheshimu hesabu ya kichwani
Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto watano wachuuzi wa Recife, Brazil. Mtoto wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja cruzeiro 35. Hakuongeza sifuri kama tunavyofundishwa. Alijua tatu ni 105, sita ni 210, tisa ni 315, akaongeza moja: 350. Kwenye biashara watoto hao walipata asilimia 98 ya maswali. Hesabu za aina ile ile zilipoandikwa karatasini kama za shule, wakapata asilimia 37. Inauma, kwa sababu uwezo ulikuwepo. Kwa hiyo kama wako anauza ubuyu au barafu kibarazani, mwambie aandike hesabu yake vile vile alivyoifikiria.

4. Njia ngapi za kupata 500?
Mpe sarafu za 50, 100 na 200, au vikaratasi vilivyoandikwa hivyo. Mdogo aanze na 200: njia ni 4, ukihesabu na sarafu ya 200 yenyewe. Kwa 500 njia ni 12, na sarafu ya 500 ikiingia zinakuwa 13. Usimtajie idadi. Atakapoanza kuzipanga mwenyewe, kwanza zenye 200 mbili, halafu zenye moja, halafu zisizo nayo, hapo amegundua namna ya kujua kwamba hakuna iliyomponyoka.

5. Visoda
Okota visoda, uvioshe. Mpe 12 avipange mistari iliyo sawa: 3 ya vinne vinne, 2 ya sita sita, au mmoja mrefu. Ongeza kimoja. Visoda 13 havikubali chochote isipokuwa mstari mmoja. Vipi 7? Vipi 11? Namba tasa amezishika mkononi kabla mwalimu hajazitaja.

Kisha weka kisoda 1. Kizungushie 3 pande mbili, unapata mraba wa 4. Zungushia 5, mraba wa 9. Zungushia 7, mraba wa 16. Sasa mwulize, bila kugusa visoda: tukiongeza 9 itakuwaje? Mtoto anayekisia 25, akapanga na kuhakikisha, kisha akauliza kama itaendelea hivyo siku zote, anafikiri kama mwanahisabati. Mimi kati ya vidokezo vyote hiki ndicho ninachokipenda zaidi.

6. Saa mbili ndani ya simu moja
Simu inasema 19:00, sisi tunasema saa moja usiku. Simu ikisoma 14:00, je? Na 23:00? Aitafute kanuni mwenyewe. Akigundua kwamba baada ya kutoa 6 wakati mwingine inabidi atoe na 12, msifu.

7. Wewe toa jibu, yeye atunge swali
Jibu ni 24. Mtoto wa Temeke atakuletea mafungu 6 ya ndimu sokoni Tandika, kila fungu ndimu 4. Mwingine, bajaji 8 zenye abiria watatu watatu. Mwambie alete la tatu lenye kutoa, na la nne lenye kugawanya. Yabandikeni ukutani, na wageni wakija wayajaribu, akiwemo mjomba anayesema hisabati ilimshinda shuleni.