Meli Zilizopita Ugogo: Somo la Kazi ya Kuunda Vyombo

Wasomaji wetu wa Dodoma na nchi ya kati huenda wakastaajabu kuona tunaandika habari za meli. Watasema, "Sisi tuna mibuyu na mtama, na mito yetu hukauka mara mvua zikiisha, meli zatuhusu nini?" Swali hili ni la haki, nasi tutalijibu kwa mambo yaliyotokea hapa hapa.

Mwishoni mwa mwaka 1874 msafara wa H. M. Stanley ulitoka Bagamoyo, ukapita Mpwapwa, ukakata nchi ya Ugogo. Katika mizigo ya wapagazi palikuwa na vipande vya mashua moja, jina lake Lady Alice, yenye urefu wa futi 40. Mashua hiyo iliundwa Uingereza kwa mbao, ikagawanywa ili ichukulike mabegani. Mwezi wa Machi 1875 vipande viliungwa, na mashua ikashuliwa katika Ziwa Victoria.

Yapata miaka 40 baadaye ilipita meli kubwa kuliko hiyo. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer cha mji wa Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli ya chuma iitwayo Graf von Götzen. Ilipokwisha ilifunguliwa tena, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikapakiwa garimoshini. Basi meli nzima ilipita katika stesheni yetu, wala hapana aliyeiona kuwa ni meli. Ilishuliwa Kigoma tarehe 5 Februari 1915. Mwaka 1916 Wadachi waliizamisha wenyewe wakati wa vita; mwaka 1924 iliopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kwa nini watu walijitaabisha hivyo? Sababu ni kimo cha nchi. Maji ya Ziwa Victoria yako meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na mji wa Dodoma. Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa yako chini ya hapo, lakini nayo hayafikiki kwa meli itokayo baharini, kwa kuwa mito yao ina maporomoko. Kwa hiyo meli ya ziwani, hata ikitengenezwa ng'ambo, haina budi kuungwa kando ya ziwa lenyewe. Hata meli ya Victoria, iliyoundwa na Yarrow huko Scotland, ililetwa vipande vipande kwa njia ya Mombasa, ikaungwa Kisumu, ikashuliwa mwaka 1961.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kimo hicho kilichowachosha wapagazi ni ngao ya mafundi wetu, maana hapana mgeni awezaye kutuuzia meli ya ziwani iliyokwisha kamilika. Lakini ngao hiyo inalinda kazi ya kuunga tu. Mabamba ya chuma, mitambo, rafadha na michoro vyaweza kutoka popote, navyo ndivyo vyenye thamani kubwa. Anayeunga hupata ujira. Anayefanya mtambo hupata faida.

Tutazame sasa hali ya dunia. Kabla ya vita ya 1914 Uingereza ilikuwa ikiunda zaidi ya nusu ya meli zote za dunia. Mwaka 1956 Japani iliipita. Korea ya Kusini ilikuja nyuma yake: mwaka 1972 kampuni ya Hyundai ilianza kujenga kiwanda Ulsan, na meli zake za kwanza ziliundwa huku kiwanda chenyewe kikiendelea kujengwa. Mwaka 2023 China peke yake iliunda karibu nusu ya meli za dunia, na nchi hizo tatu za Asia pamoja ziliunda zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Zina nguvu kwa kuwa chuma chafuliwa karibu na gudi, mitambo yafanywa karibu, meli za namna moja huundwa nyingi kwa mfululizo, na serikali huwasaidia waunda kwa mikopo. Hata kiwanda kile cha Papenburg, chenye umri wa zaidi ya miaka 200, kilipungukiwa na fedha, na mwaka 2024 serikali ya Ujerumani ikalazimika kununua sehemu kubwa yake ili kisife.

Basi tusijidanganye ya kuwa tutashindana na Ulsan kwa meli kubwa za bahari. Lakini katika maziwa yetu kazi imekwisha anza. Kampuni ya Songoro ya Mwanza imeunda vivuko vingi, na mwaka 2017 iliunda kando ya Ziwa Nyasa meli za mizigo Njombe na Ruvuma, kila moja ya tani 1,000. Huko Mwanza meli mpya, ndefu meta 92, ya kuchukua watu 1,200 na tani 400 za shehena, ilishuliwa mwaka 2023. Iliundwa na Wakorea pamoja na mafundi wetu, na pamoja nayo pakajengwa chelezo cha kupandishia vyombo nchi kavu.

Hata hivyo upungufu upo. Kwanza, mabamba ya meli bado hununuliwa ng'ambo, ingawa mawe ya chuma yapo Liganga katika wilaya ya Ludewa. Pili, kazi haina mfululizo. Meli moja ikiisha, mafundi hutawanyika kabla ya meli ya pili kuagizwa, na ujuzi wao hutawanyika pamoja nao. Tena daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limekuwa neema kwa wasafiri, lakini vivuko vya mahali hapo havina kazi tena. Kwa hiyo muunda hana budi kutafuta wanunuzi wapya, hata katika nchi jirani. Tatu, twapenda kununua kuliko kutunza. Tusisahau meli ya Bukoba iliyozama mwaka 1996, wala kivuko cha Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara mwaka 2018, watu zaidi ya 220 wakafa. Vyombo hivyo vilipakia kupita kiasi. Haifai kuunda vizuri ikiwa hapana mkaguzi wa kukizuia chombo kilichojaa kisiondoke.

Ni nini basi yatupasayo sisi wa nchi kavu? Serikali inakaa Dodoma, na hapa ndipo fedha za meli zinapokatiwa shauri bungeni. Fedha hizo zatoka katika kodi ya mwenye zabibu, mwenye karanga na mwenye ng'ombe. Mzee anayekutana na mbunge wake asiulize tu, "Meli ni kubwa kadiri gani?" Aulize pia, "Vijana wangapi wamejifunza kazi hiyo? Vipuri vitatoka wapi? Baada yake itaundwa ipi?" Na mwalimu asimwambie kijana wa Kigogo ya kuwa meli ni kazi ya watu wa pwani. Kuchomelea chuma, kusoma mchoro na kupima kwa hesabu hufundishika katika vyuo vya VETA mahali pasipo na tone la maji ya ziwa. Papenburg wenyewe u bara, nao huteremsha meli zake baharini kwa mto.

Walimu wanaweza kuwauliza wanafunzi maswali haya:

1. Kwa nini Liemba ilifunguliwa baada ya kuundwa?
2. Ni kitu gani kinachowalinda waunda meli wa Mwanza, na ni kitu gani kisicholindwa?
3. Taja hasara mbili za kuagiza meli moja moja bila mfululizo.

Masanduku 5,000 yalipita hapa, nasi tukayatazama tu. Yatakayopita tena, na yafunguliwe na mafundi tuliowasomesha wenyewe.